Waliuawa Nairobi, Kesi Ikasikilizwa Manhattan: Nani Alipata Mlango wa Mahakama ya Shirikisho?

Tarehe 7 Agosti 1998, mnamo saa nne na nusu asubuhi, lori lililosheheni baruti lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, karibu na makutano ya Haile Selassie Avenue na Moi Avenue. Jengo la Ufundi, lililopakana na ubalozi, liliporomoka na watu wakiwa ndani. Karibu wakati huohuo lori jingine lililipuka penye ubalozi wa Marekani huko Oysterbay, Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Katika hao 224, Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki karibu wote walikuwa Wakenya na Watanzania: wafanyakazi wa ubalozi, walinzi wa getini, wanafunzi wa uhazili waliokuwa darasani Ufundi, abiria waliokuwa wamekwama kwenye foleni barabarani.

Kwa sheria ya kawaida, mtu akiuawa Nairobi kesi ni ya Mahakama Kuu ya Kenya. Lakini kesi kubwa ya mauaji haya ilisikilizwa Foley Square, Manhattan, jijini New York. Madai ya fidia dhidi ya Sudan na Iran yakaenda Washington. Na Wakenya zaidi ya 5,000 walioishtaki serikali ya Marekani kwa uzembe waliambiwa kwamba mahakama haina mamlaka ya kuwasikiliza. Asubuhi ni moja, barabara ni moja, ila majibu ni matatu. Kisa hiki hakieleweki mpaka mtu aelewe jinsi mahakama za mwanzo za shirikisho za Marekani zilivyogawanywa na kila moja inaruhusiwa kusikiliza nini, kwa sababu mgawanyo huo ndio ulioamua nani asikilizwe.

Tuanze na ramani. Marekani ina wilaya 94 za kimahakama za shirikisho. Katiba yao iliitaja Mahakama ya Juu peke yake, na kazi ya kuunda mahakama za chini ikaachiwa Bunge. Sheria ya mwaka 1789 ilianza na wilaya 13. Leo kila jimbo lina angalau wilaya moja; majimbo 26 yana moja tu, na New York, Texas na California yana nne kila moja. Washington ina yake, na Puerto Rico pia. Mipaka ya wilaya hufuata mipaka ya majimbo, isipokuwa Wyoming, ambayo imepewa Hifadhi ya Yellowstone yote pamoja na vipande vilivyo ndani ya Montana na Idaho. Jaji huteuliwa na rais, huthibitishwa na Seneti, na hukaa maisha yake yote kazini asipoondolewa kwa kosa. Guam, Visiwa vya Virgin na Mariana ya Kaskazini ni tofauti, maana huko majaji wana vipindi vya miaka 10.

Msomaji wa Tanzania asiichukulie mahakama hii kama mahakama ya wilaya anayoijua, ile ya hakimu. Kwa uzito inakaribia Mahakama Kuu: ndiko mashahidi wanakosikilizwa, vielelezo vinakopokelewa na jopo la raia 12 linakotoa uamuzi wa jinai, ambao lazima uwe wa kauli moja. Rufani hupanda kwenye mahakama ya rufani ya kanda. New York iko katika kanda ya pili, pamoja na Connecticut na Vermont.

Jiji la New York lenyewe limekatwa vipande viwili. Manhattan na Bronx, pamoja na kaunti za kaskazini kama Westchester na Orange, ni Wilaya ya Kusini ya New York. Brooklyn, Queens, Staten Island na Long Island ni Wilaya ya Mashariki. Ukivuka daraja la Brooklyn umebadilisha wilaya, majaji na ofisi ya mwendesha mashtaka. Mkaazi wa kawaida halihisi hilo, lakini kwa mtu anayeletwa kwa ndege kujibu mashtaka ya shirikisho mstari huo una maana kubwa.

Jambo la pili ni mamlaka. Mahakama hizi hazipokei kila kesi. Mauaji ya mtaani, ndoa, mirathi na ugomvi wa shamba huenda kwenye mahakama za majimbo. Ya shirikisho husikiliza kosa lililotungwa na Bunge la Marekani, dai linalotegemea sheria au katiba ya nchi nzima, kesi ambayo serikali ya Marekani ni upande mmoja, na madai baina ya watu wa majimbo tofauti yanayozidi dola 75,000. Asiyeonyesha kifungu kinachompa ruhusa ya kuingia anaondoka na jalada lake, hata kama dai lake ni la haki kabisa.

Sasa turudi Nairobi. Watu wengi, hata waliosoma, watakwambia kesi ilikwenda Marekani kwa sababu ubalozi ni ardhi ya Marekani. Waendesha mashtaka nao walijaribu hoja ya jamaa hiyo. Baadhi ya mashtaka waliyafungua chini ya kifungu kinachohusu makosa yanayotendeka kwenye ardhi iliyo chini ya mamlaka maalumu ya Marekani. Machi 2000 Jaji Leonard Sand aliyatupa. Alisema kifungu hicho kinahusu ardhi iliyo ndani ya Marekani. Viwanja vya ubalozi Nairobi na Dar es Salaam havikuwa ndani yake. Bunge lilikuja kuibadilisha sheria mwaka 2001 ili iguse majengo ya ubalozi pale Mmarekani anapohusika, lakini kwa kisa hiki hoja ya ardhi ilikuwa imeshindwa.

Kilichobaki kilitosha, tena kilizidi. Bunge la Marekani lilikuwa limeshatunga makosa yanayovuka mipaka: kula njama ya kuua Wamarekani popote duniani, kulipua mali ya serikali ya Marekani, na kuua mtu wakati wa kushambulia jengo la serikali hiyo. Kosa hili la mwisho halimtaki marehemu awe Mmarekani. Ndiyo maana hati ya mashtaka ilikuwa na shtaka moja la mauaji kwa kila aliyekufa, mashtaka 213 ya Nairobi na 11 ya Dar es Salaam. Mlinzi wa Oysterbay na mwanafunzi wa Ufundi waliwekwa kwenye karatasi za Manhattan mmoja mmoja, kila mmoja na shtaka lake. Msomaji alikumbuke hilo tunapofika kwenye fidia.

Lakini kwa nini Manhattan, isiwe Washington au Texas? Katiba yao inasema kesi ya jinai isikilizwe katika jimbo ambamo kosa lilitendeka. Kama halikutendeka ndani ya jimbo lolote, Bunge litaamua mahali. Na Bunge limeamua hivi: kosa la nje husikilizwa katika wilaya ambamo mshtakiwa, au yeyote kati ya washirika wake, amekamatwa au ameletwa kwanza. Maana yake ni kwamba mahali ndege inapotua panaweza kuchagua mahakama. Februari 1995 Ramzi Yousef, mtuhumiwa wa bomu la World Trade Center la mwaka 1993 aliyekamatwa Pakistan, hakushushwa uwanja wa JFK, ambao uko Queens na kwa hiyo ni Wilaya ya Mashariki. Ndege yake ilitua Stewart, karibu na Newburgh, kaunti ya Orange, ndani ya Wilaya ya Kusini, kisha helikopta ikampeleka Manhattan. Wapelelezi na waendesha mashtaka wa huko wanaijua ramani yao vizuri.

Katika kisa chetu Manhattan ilikuwa imeshatangulia. Ofisi ya mwendesha mashtaka ya Wilaya ya Kusini, chini ya Mary Jo White, ilikuwa ikimchunguza Osama bin Laden, kiongozi wa al-Qaeda, kundi lililofanya mashambulio haya, kabla ya mabomu. Juni 1998 jopo la raia linalopitisha mashtaka lilikuwa limeshamshtaki kwa siri. Mohamed al-'Owhali, Msaudi aliyekuwa ndani ya lori la Nairobi, na Mohamed Odeh walikabidhiwa na Kenya kwa Wamarekani mwezi huohuo wa Agosti. Wadih el-Hage, raia wa Marekani aliyewahi kuishi Nairobi, alikuwa na makazi Texas, lakini alikamatwa New York Septemba 1998 baada ya kuitwa kutoa ushahidi mbele ya jopo. Kwa kuwa sheria inaridhika na mshirika mmoja, kuwepo kwao wachache New York kuliivuta kesi nzima.

Wa nne alikuwa Khalfan Khamis Mohamed, kutoka Zanzibar, aliyekamatwa Cape Town Oktoba 1999 na kukabidhiwa haraka. Hapa pana jambo ambalo kwetu halikupewa uzito wake. Tarehe 28 Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba kumkabidhi bila kwanza kupata ahadi kuwa hatanyongwa kulikuwa kinyume cha katiba, ikaagiza hukumu yake ipelekwe mara moja kwenye mahakama ya New York. Kesho yake, tarehe 29 Mei, jopo la Manhattan likawatia hatiani wote wanne kwa makosa yote 302. Mamlaka ya New York hayakutikisika, kwa sababu tangu karne ya 19 msimamo wa mahakama za Marekani ni kwamba namna mshtakiwa alivyoletwa haiiondolei mahakama haki ya kumsikiliza. Hata hivyo, ilipofika zamu ya kuamua adhabu ya kifo kwa al-'Owhali na Mohamed, jopo halikuafikiana. Oktoba 2001 wote wanne walihukumiwa kifungo cha maisha, na kuamriwa kulipa fidia ya dola milioni 33 ambazo hakuna aliyetarajia kuziona.

Jaji Sand aliamua jambo jingine linalostahili kusifiwa. Washtakiwa walihojiwa Kenya na maofisa wa Marekani. Serikali ilidai kwamba mgeni anayehojiwa ugenini hana haki ya kunyamaza inayotolewa na katiba ya Marekani. Jaji alikataa: ukimleta mtu mbele ya mahakama hii, analindwa na katiba inayoiongoza mahakama hii.

Miaka kadhaa baadaye jiji hilohilo lilimpokea Mtanzania mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani. Alikamatwa Pakistan Julai 2004, akashikiliwa kwa siri na CIA, akapelekwa Guantanamo, kambi ya wafungwa ya jeshi la Marekani huko Cuba, mwaka 2006, na Juni 2009 akafikishwa New York. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu wa upande wa mashtaka, kwa kuwa serikali ilimfahamu kupitia maneno yaliyotolewa na Ghailani akiwa mikononi mwa CIA, kwa shuruti. Novemba 2010 jopo lilimwachia kwa mashtaka zaidi ya 280, likamtia hatiani kwa moja tu, njama ya kuharibu mali ya Marekani. Moja hilo lilitosha kumpa maisha. Wanasiasa wa Washington walikasirika, na Bunge likazuia fedha za kuwahamishia wafungwa wa Guantanamo Marekani. Ghailani amebaki kuwa wa pekee kutoka kambi ile aliyefikishwa mbele ya mahakama ya kiraia. Nionavyo mimi, kesi ile ilionyesha mahakama hizi zikiwa katika ubora wake: jaji wa maisha asiyemwogopa aliyemteua, na jopo lililopima kila shtaka peke yake.

Tuje kwenye fidia, na hapa ndipo mambo yanapouma.

Kuishtaki nchi nyingine Marekani ni kazi, kwa sababu dola ina kinga. Sheria ya mwaka 1976 inaorodhesha hali ambazo kinga hiyo huondoka. Mwaka 1996 Bunge liliongeza nchi zilizotangazwa kuwa zinafadhili ugaidi, na mwaka 2008 likaipanua njia hiyo. Sudan na Iran zote zilikuwa kwenye orodha. Mahali pa kesi pia sheria inapataja: anayeishtaki dola ya nje anaweza kufungua katika Wilaya ya Columbia, yaani Washington. Kwa hiyo kosa lilelile lililosikilizwa kama jinai Manhattan likaenda kilomita zaidi ya 300 kusini lilipogeuka madai.

Kesi ilifunguliwa mwaka 2001 na ikafika kwa Jaji John Bates. Iran haikutokea kabisa. Sudan ilitokea, ikaacha, kisha ikarudi baada ya hukumu kutoka. Hata mdaiwa asipokuja, sheria inamtaka jaji asikilize ushahidi na kuridhika nao, basi Oktoba 2010 alisikiliza kwa siku tatu. Novemba 2011 aliamua kwamba Sudan na Iran ziliwasaidia al-Qaeda. Kufikia 2014 hukumu za walalamikaji zaidi ya 500 zilijumlishwa zikafika dola bilioni 10.2, kati ya hizo takribani bilioni 4.3 zikiwa fidia ya adhabu, yaani inayotozwa ili kumwadhibu mdaiwa. Mahakama ya rufani ikaifuta sehemu ya adhabu mwaka 2017. Tarehe 18 Mei 2020 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Opati dhidi ya Sudan, ikatengua uamuzi huo wa kuifuta, kwa kauli moja ya majaji wanane walioshiriki.

Wengi wa walalamikaji hao walikuwa Wakenya na Watanzania. Lakini si Wakenya na Watanzania wote. Sheria inataka mlalamikaji au mwathiriwa awe raia wa Marekani, askari wake, au mfanyakazi wa serikali yake, wa ajira au wa mkataba, aliyekuwa kazini. Karani wa ubalozi aliingia, na familia yake ikaingia nyuma yake. Aliyekuwa akisoma Ufundi upande wa pili wa ukuta hakuingia. Wala abiria. Wala mchuuzi. Katika kesi ya jinai kila mmoja wao alikuwa shtaka kamili la mauaji, lenye uwezo wa kumfunga mtu maisha. Katika kesi ya madai dhidi ya Sudan hawakuhesabiwa. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa akapanga wabaguliwe. Sheria mbili zilitungwa kwa makusudi mawili, moja ya kuadhibu shambulio dhidi ya jengo, nyingine ya kuwalinda watu wa Marekani. Lakini mjane hahitaji kuthibitisha nia mbaya ili aone kwamba ameachwa nje.

Hao walioachwa walijaribu kwingine, pia Washington. Zaidi ya 5,000 waliishtaki Marekani yenyewe: mlijua ubalozi uko hatarini, uko ukingoni mwa barabara yenye msongamano, hamkuuhamisha wala hamkututahadharisha. Ipo sheria inayoruhusu serikali ya Marekani kushtakiwa kwa uzembe, ila imejaa tundu za serikali kutokea. Maamuzi ya sera, kama vile fedha za ulinzi ziende ubalozi upi, hayashtakiki. Makosa ya kampuni ya ulinzi iliyoajiriwa kwa mkataba hayahesabiwi kuwa ya serikali. Mwaka 2003 mahakama ya rufani ilithibitisha kwamba mahakama ya wilaya haikuwa na mamlaka. Kundi jingine la Wakenya liliwashtaki bin Laden na al-Qaeda. Hao walifaulu kwenye hatua hiyo: mwaka 2005 mahakama ya rufani ilisema anayelilenga taifa la Marekani kwa bomu hawezi kulalamika akiitwa mahakamani huko, hata kama bomu lililipukia Nairobi. Ni ushindi mzuri wa kisheria. Ila mdaiwa alikuwa mafichoni na mali yake haishikiki.

Mwishoni siasa ndiyo iliyofunga hesabu. Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335, ikaondolewa kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi Desemba 2020, Bunge likairudishia kinga yake, na Machi 2021 fedha zikaachiliwa. Mgawo nao ulifuata uraia: Mmarekani alipangiwa kingi kuliko mfanyakazi mgeni aliyeumia ofisi ileile, na Bunge lilitenga dola milioni 150 za ziada kwa wale waliokuja kupata uraia baadaye. Mkenya aliyebaki Mkenya alibaki na kidogo.

Wanaharakati na wabunge wa Kenya wameendelea kuidai Washington fidia kwa wote, na Seneti ya Kenya iliunda kamati maalumu ya suala hili. Ninawaunga mkono, ila kesi mpya siioni: Sudan imerudishiwa kinga, Marekani imeshajikinga, na hukumu dhidi ya Iran iko mikononi mwa wale walioruhusiwa kuingia. Kilichobaki ni kuliomba Bunge la Marekani litunge sheria.

Na hapo nairudia Agosti 1998. Mauaji ya Nairobi yalikuwa ya Mahakama Kuu ya Kenya kabla hayajawa ya mtu mwingine. Tanzania ilisikiliza kesi ya mtu mmoja Dar es Salaam, naye akaachiwa mwaka 2004. Matokeo hayakuwaridhisha wengi, lakini kesi ilisikilizwa na jaji wa Tanzania. Kenya iliwatoa washukiwa wake wawili wakubwa ndani ya wiki chache. Wakati huo ilikuwa na kitu ambacho Manhattan isingekipata kwingine: washtakiwa wenyewe, mashahidi, na eneo la tukio. Hukumu ya Afrika Kusini ilionyesha, ingawa kwa kuchelewa, kwamba nchi inayokabidhi ina haki, na wajibu, wa kuweka sharti kabla ndege haijaruka. Afrika Kusini ilitakiwa kuweka sharti la uhai wa mshtakiwa. Kenya ingeweza kuweka la waathiriwa wa Ufundi: kwamba yeyote aliyetajwa kwenye hati ya mashtaka kama marehemu, familia yake itambuliwe pia kwenye fidia.